Nilipiga vita biskuti shuleni Kigali ili watoto wale chakula, sufuria zikaendelea kurudi zimejaa

Wakuu salaam.

Leo sina swali, nina kisa. Kimenikuta mimi mwenyewe, hapa Kigali, muhula huu huu. Majina nimebadilisha na shule siitaji, maana bado nakula mshahara wao. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, pamoja na yale yanayonivunjia heshima.

Mimi ni Mtanzania, Mpare wa Same. Nafundisha Kiswahili katika sekondari moja ya kutwa maeneo ya Rwezamenyo. Na kwa kuwa siku ya usaili niliropoka kwamba chuoni nilikuwa golikipa, nikatwishwa na PE. Kwa hiyo mwalimu wa michezo ndiye mimi, filimbi shingoni, kitambi mbele. Msinicheke.

Wanaowajua Wapare wanajua. Kesi ya kuku tunaifikisha mahakama ya rufaa, na kwa nauli tunauza mbuzi. Ndivyo nilivyozaliwa, sina la kufanya.

Sasa twende.

PE kwetu ni Ijumaa mchana, baada ya lunch. Kipindi kimoja tu kwa wiki, na hicho kimoja walimu wa masomo mengine wanakimezea mate kama paka aliyeona dagaa. Hasa kwa senior three, ambao mwisho wa mwaka wana mtihani wa taifa. Diregiteri wetu, yaani mkuu wa shule, ni mwalimu wa hesabu. Mzee mwembamba, mpole, shati limenyooka siku zote. Kwake dakika isiyo na hesabu ni dakika iliyopotea.

Nikaanza kuona jambo. Wanafunzi hawana nguvu. Wavulana angalau wanajikongoja, lakini wasichana mzunguko mmoja tu wa uwanja mtu ameshika kiuno, macho yamelegea, anaomba maji.

Najua kuna mtu atasema, watoto wa Kigali wanapanda vilima asubuhi na jioni, mazoezi gani tena unataka kuwapa? Mkuu, kupanda kilima na begi ukiogopa kuchelewa si mchezo. Mtoto anahitaji saa moja ya kukimbia bila kuwa na pa kufika. Hilo naliamini na sitabadilisha.

Ila kulikuwa na mmoja, Denise. Senior three, mrefu, miguu kama ameazima kwa swala. Huyu alikuwa anakimbia kwa raha, na kila Ijumaa asubuhi ananiuliza kwa Kiswahili chake cha darasani kama leo michezo ipo. Kwa mwalimu wa PE hilo swali ni kama chai ya asubuhi. Lakini hata yeye nikaanza kumwona anapunguza, wiki hadi wiki.

Nikaanza upelelezi.

Chakula cha mchana kinapikwa shuleni. Ugali, ambao huku wanauita kawunga, maharage yenye karoti, na dodo, yaani mchicha. Siku nyingine wali. Si hoteli, lakini ni chakula kamili, na kina ladha, mimi mwenyewe nakula na kuongeza. Cha ajabu sufuria zinarudi jikoni nusu zimejaa. Bwana mmoja mfugaji wa nguruwe anakuja jioni na ndoo zake, anabeba, anashukuru Mungu. Nguruwe wake walikuwa wamenona kuliko wanafunzi wangu.

Halafu nyuma ya madarasa, na chini ya madawati, makaratasi ya biskuti kila kona.

Basi. Kesi ikawa wazi kichwani mwangu. Watoto wamezoea sukari, wanadharau maharage. Adui ni kantini.

Nikamwandama Diregiteri. Asubuhi nipo mlangoni kwake, mchana nipo, jioni namsindikiza kwenye moto wake, yaani pikipiki, nikiendelea kuongea. Nadhani alikubali ili apumzike. Kantini ikapewa amri, biskuti, pipi na juisi za unga marufuku. Kuanzia sasa ni ndizi mbivu zile ndogo tamu, mapera, maembe yakiwepo, na mayai ya kuchemsha. Mama wa kantini alinitazama kama mtu aliyemfukuza mgeni wake, lakini akatii.

Nikapita darasa kwa darasa nikihubiri. Nikachora sahani ubaoni. Nikasema mwili ni injini. Watoto wakaitikia vizuri sana, "Yego mwarimu", yaani ndiyo mwalimu, maana watoto wa huku wana adabu, hawatakubishia usoni hata siku moja.

Matokeo?

Ndizi zikaanza kuwa nyeusi kantini. Mapera yakaoza. Sufuria zikaendelea kurudi zimejaa. Makaratasi ya biskuti yakaisha kweli, shule ikawa safi, na Diregiteri akanipongeza mbele ya walimu. Nikavimba kichwa. Nikajiambia, wakibanwa na njaa wenyewe watakula maharage.

Wakuu, njaa iliwabana. Maharage hawakula.

Ijumaa moja, jua kali, senior three wanakimbia. Denise yupo mbele kama kawaida. Akafika kona ya goli la mbali, nikamwona anatembea, halafu anasimama, halafu akakaa chini taratibu, kisha akalala. Mimi nilidhani anatania. Wenzake wakaanza kuniita.

Nilikimbia mpaka kitambi kikasahaulika. Nilimkuta midomo imekauka, mikono ya baridi kwenye jua lile. Nilimbeba mwenyewe hadi barabarani tukapata gari, tukaenda kituo cha afya. Niliogopa, sitaki kudanganya. Njia nzima nilikuwa nawaza nitamwambia nini mama yake.

Nesi akampima, akampa maji yenye sukari, akakaa naye. Halafu akanigeukia na kuniambia kwamba binti haumwi chochote. Hajala tangu asubuhi, na asubuhi yenyewe ilikuwa chai kavu.

Shule ina chakula. Kantini ina matunda. Mtoto ameanguka kwa njaa. Nilikaa pale kwenye benchi nikijiona mjinga.

Jumatatu Diregiteri akaniita. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Akasema senior three hawatakuwa na PE mpaka mtihani upite, kipindi kinakwenda kwenye hesabu. Akasema kama shule haiwezi kuhakikisha mtoto amekula, haiwezi kumkimbiza.

Nikatoka ofisini, nikamkuta Mama Denise ananisubiri.

Huyu mama ni Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura. Ana meza ya vitenge pale Rwezamenyo na Kiswahili chake kinatiririka, kina ladha yake. Alikuwa amejifunga vizuri, uso umefungwa pia. Akanisalimia kwa heshima zote, akaniuliza hali ya nyumbani, halafu akasema kilichomleta. Anataka binti yake aandikwe kabisa kuwa hatakimbia tena, si muhula huu, si mwakani.

Nikaanza kujitetea. Nikamweleza chakula kipo, kizuri, binti ndiye hataki. Nikamweleza habari ya biskuti na sukari, injini na sahani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwarimu, mwanangu nyumbani anakura mpaka anaramba sahani. Hapa munamurishia wapi?"

Nikampeleka.

Hapa niwaeleze. Bwalo letu paa liliezuliwa na upepo msimu wa mvua uliopita. Tangu hapo wanafunzi wanakula nje, kwenye mabenchi marefu yaliyopangwa kando ya uzio. Uzio wenyewe ni wa waya. Ng'ambo ya waya ni barabara ya lami, moto zinapanda na kushuka, watu wanakwenda sokoni, vijana wa shule nyingine wanapita makundi makundi. Kantini nayo iko hapo hapo, dirisha linatazama barabara. Mimi nilikuwa napaona pazuri. Kuna hewa, kuna kivuli.

Mama Denise akasimama kando ya benchi moja. Mzee mmoja anayeuza viatu akapita barabarani akamsalimia kwa jina. Mwanamke mwingine juu ya moto akampungia mkono. Akawajibu, kisha akanigeukia.

"Hapa?"

"Ndiyo mama, hapa."

"Hapa hata mimi siwezi kula."

Sikuelewa. Na yeye akaona sikuelewa. Akaketi, akanieleza polepole kama mtu anayemweleza mtoto wa mwenzake.

"Kwetu muntu hakuri njiani. Watu wanapita, we unafungua mudomo? Oya, hapana. Na mutoto wa kike ndiyo kabisa. Ni isoni, ni haya. Denise nilimufundisha mimi, kama mama yangu alivyonifundisha. Wewe jioni tunakuonaga, unatembea na hindi la kuchoma unatafuna, Rwezamenyo nzima inakujua. Tunasema basi, ni mugeni."

Wakuu, nilitamani lami ipasuke.

Maana yale mahindi nayapenda, na kila jioni nakula nikitembea kurudi nyumbani, na kila jioni nilikuwa nakutana na wanafunzi wangu wananisalimia huku wametazama pembeni. Nilidhani ni heshima. Kumbe walikuwa wananisitiri.

Hapo mambo yakaanza kuingia kichwani moja baada ya jingine. Wavulana walikuwa wanakula wameipa barabara mgongo, na mimi nilikuwa nawagombeza wageuke wakae vizuri kama watu waliostaarabika. Wasichana walikuwa wanachukua sahani, wanachezea kijiko, wanasubiri kengele, wanarudisha kwenye sufuria. Biskuti ilikuwa inavunjwa mfukoni, kipande kinaingia mdomoni kama mtu anayepiga mwayo, hakuna anayeona. Ndizi huwezi kuila hivyo. Lazima umenye, lazima ufungue mdomo. Yai ndiyo usiseme.

Kwa hiyo ile biskuti niliyoiita adui ndiyo ilikuwa inawafikisha jioni. Mimi nikaja na sahani yangu ya ubaoni nikaiondoa.

Mtu asije akasema Wanyarwanda wote wako hivyo. Mjini mambo yanabadilika, utaona vijana wana chipsi mkononi mchana kweupe. Lakini binti mwenye sare, mtaani kwao, mbele ya wateja wa mama yake na vijana wa shule ya jirani? Hawezi. Na hatakuambia kwamba hawezi, maana hata kulisema ni aibu. Hasa kumwambia mwalimu mwanaume mgeni anayetembea na hindi.

Nikamuuliza Mama Denise, kama nikipata namna ya watoto kula bila kuonekana, atamruhusu binti akimbie? Akasema kwanza aone kwa macho yake kwamba mtoto anakula, kukimbia tutaongea baadaye.

Nikarudi kwa Diregiteri siku ile ile. Nikamweleza. Akasema kwa unyonge kwamba yeye mwenyewe tangu bwalo liharibike anakula ofisini amefunga mlango. Hakuwa amewaza kwamba na watoto nao wana mlango wanaoutaka. Kwake aibu ile ilikuwa kitu cha kawaida kiasi kwamba hakuiona tena, na mimi sikuiona kwa sababu sikuwa nayo. Tukawa vipofu wawili tunaongoza shule.

Lakini suluhisho hana. Paa litapatikana muhula ujao, akasema. Tusubiri.

Nikasema sisubiri. Muhula ujao hawa watakuwa wameshafanya mtihani na matumbo matupu. Nikapendekeza wale madarasani, akakataa, sisimizi na mafuta kwenye madaftari. Nikapendekeza zamu zamu kwenye chumba cha walimu, walimu wakakataa, na kwa haki kabisa. Kila siku nikawa naingia na pendekezo jipya, akiona natokea kwenye korido anavua miwani kabisa.

Mwisho nikakumbuka mabati. Yale yaliyoezuliwa bwaloni yalikuwa yamelundikwa nyuma ya stoo. Yamepinda, yana kutu, ila ni mabati. Diregiteri akasema ni mali ya shule, yako kwenye hesabu, hayakatwi. Nikamwambia hatukati, tunayasimamisha tu. Yatakuwa mali ya shule iliyosimama badala ya mali ya shule iliyolala.

Akacheka. Mara ya kwanza kumwona akicheka. Akakubali, ila kwa sharti. Senior three watapewa Ijumaa moja tu ya majaribio, na yeye atakuwepo. Akianguka mmoja, PE isahaulike.

Kazi ikabaki kwa watu. Na hapa ndipo Mama Denise alipoingia. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu walipomaliza umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, na majembe yakiwa bado mabegani, akawageuza akina mama wa mtaa wake na waume zao wakapandisha kuja shuleni. Sijui aliwaambia nini. Nilichoona ni kwamba hakuna aliyeuliza tunafanya nini au kwa nini. Kila mzazi alifika pale kwenye mabenchi, akatazama barabara, akatikisa kichwa, akashika bati.

Mimi niligonga kidole changu kwa nyundo mapema kabisa nikahamishiwa kitengo cha kushikilia. Diregiteri alikuja na buti za mvua zenye udongo, akasimama upande wa pili wa bati lilelile nililoshika. Jioni uzio wote wa upande wa mabenchi ulikuwa umefunikwa, na dirisha la kantini limegeuzwa kutazama ndani. Pabaya kupita maelezo, wakuu. Kutu, viraka, bati moja limeandikwa namba ya darasa kichwa chini. Hewa yangu na mandhari yangu vyote kwisha.

Jumatatu, kengele ya lunch.

Nilisimama mbali kidogo, nimejifanya nasahihisha. Wasichana wakaja na sahani zao. Wakatazama mabati. Wakatazamana. Wakakaa. Kwa muda hakuna aliyegusa kijiko. Halafu Denise akainama akaanza kula. Si kwa kuchezea, kula kabisa, kwa haraka, kama mtu aliyechelewa basi. Kisha meza nzima.

Nilipokwenda jikoni na sahani yangu, sufuria lilikuwa limekwanguliwa. Maharage hakuna, dodo hakuna, ukoko wa ugali wamegombania wavulana. Mpishi ananiangalia, anacheka, anafungua mikono. Siku ile nilishinda njaa mpaka jioni, na sijawahi kushinda njaa kwa furaha namna ile. Ndizi za kantini nazo ziliisha, na bwana wa nguruwe alirudi na ndoo tupu, akaniuliza kama shule imefungwa.

Ijumaa ikafika. Diregiteri kando ya uwanja, mikono nyuma. Mama Denise naye akaja, akasimama peke yake upande wa pili. Denise alikuwa amevaa viatu vya michezo lakini amekaa, anamtazama mama yake. Mimi nimeshika tu filimbi.

Mama akamwangalia binti muda mrefu. Halafu akampa ishara kwa kidevu, nenda.

Ingekuwa filamu, angeshinda. Hakushinda. Alikuwa wa tatu, wiki za kukaa zilikuwa zimemwondolea kasi, na alimaliza amekasirika hataki kuongea na mtu. Lakini alimaliza. Wote walimaliza. Wasichana wale walioshika viuno walizunguka, wakahema, wakacheka, wakaanza kusukumana kama watoto wanavyotakiwa kusukumana. Diregiteri alikaa mpaka filimbi ya mwisho, kisha akanipita akielekea ofisini na kusema tu, "Ijumaa ibaki yako."

Nilichojifunza wakuu, nakisema kama kilivyo. Tunapenda sana kuhubiria watoto wale nini. Tunachora sahani, tunapiga marufuku, tunaweka mabango. Hakuna anayekaa kwenye benchi la mtoto akatazama anachokitazama yeye akifungua mdomo. Mtoto akikataa chakula kizuri, kabla ya kumwita mdekaji, kaa alipokaa. Na ukiwa mgeni kama mimi, kaa mara mbili.

Biskuti bado nazipinga, msije mkasema nimelegea. Kantini haijazirudisha na hazitarudi nikiwa pale.

Juzi nimepita kwenye meza ya Mama Denise kununua kitenge cha kumpelekea mke wangu. Nikamuuliza binti anaendeleaje. Nilitegemea aniambie habari za mbio au za alama za hesabu.

Akawa anakunja kitambaa, hakunitazama. Akasema, "Zamani akirudi shule alikuwa anaenda kwa sufuria moja kwa moja, anakura amesimama, haongei na muntu. Nilifikiri ni umri, wasichana iko hivyo. Sasa anaingia, anakaa hapa karibu yangu, ananielezea siku yake."

Haya wakuu, nimemaliza. Mlio na watoto shuleni, popote mlipo, mnajua wanapokula mchana pakoje? Kama hujui, leo jioni usimuulize amekula nini, muulize alikaa wapi. Halafu rudi hapa utuambie alivyokujibu.